Nyeupe Tamu

Waliomjua Teodosia wakati ule Wazungu wanalima karanga Nachingwea walimjua kwa mkono wake. Haukuwa mkono wa kutetemeka. Tangu usichana wake watawa wa misheni, waliomfundisha kudarizi, walimpa vitambaa vya altare avimalizie pembeni, mahali ambapo wenzake walichoka na kuharibu. Alipoolewa na Protasi, mwaka wa arobaini na nane, mkono ule ukapata kazi nyingine.

Protasi alikuwa mtu wa Nambilanje. Alikuja Nachingwea kama vijana wengi wa upande wa Ruangwa walivyokuja, kwa kuwa msitu ulikuwa unang'olewa kwa minyororo na matrekta, na palikuwa na kazi kwa kila mwenye nguvu. Yeye alipata useremala. Siku za kazi alitengeneza milango na madirisha ya nyumba za Wazungu. Jioni, na Jumapili baada ya misa, alichonga. Vinyago vikubwa hakuvipenda. Alichonga watu wadogo, urefu wao kidole cha kati, kwa mti laini ambao wapishi waliukataa kwa sababu haukutoa moto wa maana. Alichonga mzee wa kanzu, mtawa, mganga wa hospitali, bibi harusi, na ndege yangeyange aliyesimama kwa mguu mmoja. Akimaliza alivipanga juu ya dirisha na kuvitazama, na kila mara alitikisa kichwa.

"Wana sura, lakini wako uchi," alimwambia mkewe. "Wavalishe, Teodosia."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na kwa muda ule ilikuwa furaha tupu. Rangi nyeusi aliipata kwenye masizi ya sufuria. Nyekundu ilikuwa chini ya miguu yao, udongo wa Nachingwea wenyewe. Tatizo lilikuwa nyeupe, na karibu kila mtu aliyechongwa na Protasi alihitaji nyeupe: kanzu, shela, koti, manyoya ya ndege.

Kwanza alijaribu chokaa. Ilikauka vizuri, kisha ikambandukia mnunuzi vidoleni kama unga wa ngano. Akajaribu udongo mweupe, ule ambao wanawake wa Kimwera huuchimba kando ya mito na kupaka kuta, akauchanganya na gundi ya mti. Huo ulishika, tena ulikuwa mpole machoni, ila jasho la kiganja lilitosha kuuharibu. Mwisho alinunua rangi nyeupe ya zinki dukani kwa Mhindi, kikopo kidogo. Zinki haikubanduka wala kuchuruzika, lakini ilikuwa nyembamba. Kila alipopaka, mti ulichungulia chini yake, na ilimbidi arudie na kurudia mpaka sura ya mtu ikazibwa na rangi. Pua ya mtawa ilipotea namna hiyo.

Baada ya hapo Protasi alianza kuangalia rangi kazini. Aliwaona mafundi rangi wakikoroga unga mweupe na mafuta, na mlango mweusi ukageuka mweupe kwa mpako mmoja tu. Akamwendea mtunza stoo. Hakuuziwa, kwa hiyo alimchongea kigoda, kazi ya Jumapili kadhaa, na kwa kigoda kile akapewa kopo zima la ule unga. Lilikuwa zito ajabu kwa ukubwa wake. Alilileta nyumbani begani, akaliweka mezani mbele ya mkewe, akakaa bila kuvua viatu ili aone atasema nini.

Teodosia alitwaa kipande cha ubao, akakigawa kwa mstari wa mkaa, upande mmoja akapaka zinki na upande wa pili ule unga aliouchanganya na gundi. Akakiacha juani siku kadhaa. Akakimwagia maji, akakisugua kwa dole gumba. Zinki ilikuwa nyeupe ya baridi, yenye kuelekea samawati, na mti bado ulionekana ndani yake. Ule unga ulikuwa na joto kidogo, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Ulifunika kwa mara moja na haukuziba hata mkwaruzo wa kisu.

"Huu," alisema, akaisukuma zinki kando.

Tangu siku hiyo kazi yake ilitafutwa. Wengine waliojaribu kumwiga walipaka nyeupe moja kwa moja, na watu wao walionekana wametumbukia ndani ya uji. Teodosia hakuanza na nyeupe. Alianza na rangi ya majivu, yaani nyeupe yenye masizi kidogo, akaiacha ikauke kabisa. Kisha akaileta nyeupe nyepesi kama maji ya mchele, mpako juu ya mpako, akiyaacha majivu yabaki ndani ya mikunjo ya kanzu. Nyeupe kamili aliiweka mwisho na kwa uchoyo: kwenye bega, kwenye goti, ukingoni mwa shela, pale ambapo jua lingegusa. Ukikishika kisanamu chake ulidhani kitambaa kile kinaweza kuvuliwa.

Brashi alijitengenezea kwa manyoya ya mkia wa kindi. Kwa mikunjo ile ncha ilipaswa kuwa kali kama sindano, na hakuona kitu bora cha kuinyoosha kuliko midomo. Alichovya, akapaka, akaitia mdomoni akaizungusha, akachovya tena. Unga ule ulikuwa na utamu. Haukuwa utamu wa sukari, bali utamu mdogo uliobaki kwenye ulimi baada ya kumaliza. Alimwambia Protasi, naye akacheka, akasema basi amemletea mkewe rangi na peremende kwa safari moja.

Wazungu walinunua na kutuma kwao kwa watoto wao. Mwislamu mmoja wa Matambarale alimwagiza mfano wa baba yake katika kanzu ya Idi. Padri aliwaomba Pango la Noeli dogo, la kuingia ndani ya sanduku la baiskeli, ili aweze kulipeleka vijijini, na Krismasi ile watoto wa vijiji vyote vya parokia walipanga mstari kumbusu Mtoto Yesu ambaye nepi yake ilipakwa na Teodosia. Alikuwa na mimba wakati huo. Jirani yake Swaumu, ambaye alikuwa na watoto wanne na hakuficha maoni yake juu ya jambo lolote, alimtazama akipaka na kusema mtoto huyo atazaliwa tayari ameshika brashi.

Mimba ile ilitoka ikiwa ya miezi mitano.

Haikuwa ajabu kubwa. Mimba ya kwanza hutoka, wanawake walimwambia, na akina mama waliomfariji walikuwa na habari zao wenyewe za kumsimulia. Mama yake Protasi, Bibi Aurelia, alitoka Nambilanje na kuku wawili na mizizi ya kuchemsha, akakaa naye mpaka alipopata nguvu. Alikuwa mwema. Watu walipoieleza habari hii baadaye walitaka kumfanya mama mkwe kuwa mbaya, lakini siku zile alimwogesha Teodosia kwa mikono yake na kumlisha kama kinda.

Mimba ya pili ilifika mwisho wake. Akazaliwa mvulana, mzima wa umbo, kucha zote zipo, ila hakulia. Protasi alimshika muda mrefu, mpaka mkunga akalazimika kumwomba. Teodosia alirudi kwenye meza yake kabla hata maziwa hayajamkauka, maana mikono isiyo na kitu ilimtesa. Kadiri alivyohuzunika ndivyo alivyopaka, na kadiri alivyopaka ndivyo brashi ilivyokwenda mdomoni.

Wa tatu alikuwa Valentina.

Valentina alilia. Alizaliwa mdogo, lakini alilia, na Swaumu aliyekuwa uani alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Alibatizwa. Tangu hapo hakuna aliyemwita Teodosia kwa jina lake. Alikuwa Mama Valentina, na Protasi akawa Baba Valentina, naye aliitikia jina hilo kwa namna ambayo wenzake kazini walimtania. Mtoto alikuwa mwepesi na hakunyonya vizuri. Hata hivyo alifika wakati wa kutambua uso. Mama yake akiinama juu yake alitulia na kumkodolea macho. Kisha degedege likaja. Lilikuja asubuhi moja, likamwacha, likarudi. Waliposhika njia ya hospitali alikuwa bado anapumua, na walipofika hakupumua tena.

Protasi alichonga jeneza mwenyewe. Kipande cha mti kilichobaki akakichonga kitoto kilichofungwa kwenye nguo, kidogo kuliko vyote alivyowahi kuchonga, akampa mkewe. Teodosia alikipaka. Hakutia majivu safari hii, hakutaka kivuli chochote kiwemo. Alipaka nyeupe juu ya nyeupe, akiinyoosha brashi kwa midomo iliyolowa machozi, mpaka kile kitoto kikang'aa kama ganda la yai. Wakakiweka ndani, kifuani pa mtoto. Watu waliokuwepo walisema hawajaona kitu kizuri namna ile, na walilia kwa ajili ya uzuri wake pia.

Ndipo Bibi Aurelia alipokuja tena kutoka Nambilanje, na safari hii hakuleta kuku. Alikaa na mwanawe nyuma ya nyumba. Teodosia hakuambiwa walichosema, lakini ukuta ulikuwa wa udongo na dirisha halikuwa na kioo. Mama alisema anampenda mkwe wake, Mungu ni shahidi. Alisema pia kwamba watoto watatu si bahati mbaya, ni mlango uliofungwa, na aliyeufunga hajulikani, na mwanamume hawezi kuzeeka akiwa anagonga mlango uliofungwa. Protasi alimwambia anyamaze. Alimwambia kwa sauti ya mtu aliyechoka, na Teodosia, aliyekuwa anasikiliza, alisikia uchovu ule kuliko maneno.

Mwaka huohuo karanga zilikufa. Kila mtu Nachingwea alilijua jambo hilo kabla ya kutangazwa. Matrekta yalibaki yamesimama, majani yakaota kati ya minyororo, Wazungu wakaanza kuuza viti na vitanda vyao. Useremala ukaisha. Protasi alikwenda Ruangwa kujenga duka la mfanyabiashara mmoja, akasema atarudi kazi ikiisha. Alichukua visanamu vichache vya kuonyesha watu ufundi wake. Alirudi mara mbili. Zamu ya tatu ya kurudi ilipofika, alimtuma mtu na kibaba cha ufuta na salamu.

Habari hufika kwa miguu yake yenyewe. Swaumu ndiye aliyezipata, kwa shemeji yake aliyekuwa Ruangwa, na alikaa nazo siku nyingi kabla ya kuzisema, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kufunga saumu. Protasi ameoa. Mwanamke anaitwa Mwanaima, binti wa mkulima wa mikorosho. Amesilimu ili amwoe, na huko wanamwita Yunusi. Mwanamke ana mimba.

Teodosia aliuliza jambo moja tu, kama ni mimba ya kwanza. Swaumu akasema ni ya kwanza. Teodosia akasema, basi atamwombea ishike.

Hakuondoka Nachingwea. Nyumba ilikuwa yake kwa sababu hakuna aliyekuja kuidai. Padri na watawa walimwagiza vitu vya kanisa, na alipokosa mchongaji alichonga mwenyewe, vibaya, akaificha ile kazi mbaya kwa rangi nzuri. Kopo la unga lilikuwa bado na zaidi ya nusu. Mwaka ukapita hivyo. Tumbo lilianza kumsokota, maumivu yanayokuja na kuondoka, na chakula kikamchukiza. Alipauka. Kisha siku moja, katikati ya shela ya Bikira Maria, brashi ilimwanguka. Aliiokota, ikaanguka tena. Alijaribu kuinua kiganja cha mkono wa kulia, kikaning'inia kwenye kifundo cha mkono kama tawi lililovunjwa bila kukatwa.

Swaumu ndiye aliyempeleka hospitali ya misheni, kwenye gari la mizigo, akiwa amemwegemeza begani njia nzima.

Mtawa mganga pale alikuwa Mzungu mzee mwenye miwani, aliyejua Kiswahili cha miaka mingi. Alimpapasa tumbo, akaushika mkono, akamwambia aukaze, ukashindwa. Akamwambia afungue mdomo. Alitazama kwa muda, akamgeuza kuelekea dirishani, akatazama tena. Kwenye fizi, pale zinapokutana na meno, palikuwa na mstari mwembamba wa samawati.

Akamuuliza anafanya kazi gani. Teodosia akamweleza. Akamuuliza ni rangi ya namna gani, na inakaaje mdomoni. Teodosia akaeleza hilo pia, hata utamu wake, na akaona uso wa yule mtawa ukibadilika.

"Unga huo umetengenezwa kwa risasi, binti yangu," mtawa alisema. "Ile ile risasi ya bunduki. Ni sumu. Imo ndani yako, ndani ya mifupa yako."

Teodosia aliuliza kama atakufa. Mtawa akasema hapana, akiacha sasa hivi mwili utaitoa polepole, na mkono huenda ukapata nguvu, ingawa hawezi kuahidi. Akaagiza dawa, akaanza kueleza habari ya maziwa na mboga. Teodosia hakuwa anasikiliza. Alikuwa ametulia kama mtu anayehesabu kitu kichwani. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo Swaumu aliyekuwa mlangoni hakuisikia vizuri, kama sumu ile inaweza kumfikia mtoto aliye tumboni.

Mtawa alivua miwani. "Watoto wangapi?" akauliza.

Hapo Swaumu aliingia ndani, kwa sababu alimwona rafiki yake anateleza kutoka kwenye kiti.

Alilazwa majuma mengi. Usiku na mchana alikuwa na mambo mawili yaliyogombana ndani yake. La kwanza lilikuwa kama kufunguliwa kamba: haikuwa tumbo lake, haikuwa laana, hakuna mtu aliyefunga mlango wowote. La pili lilikuja nyuma yake kila mara. Yeye ndiye aliyekaa mezani na ubao ulionusurika maji na jua, akaisukuma zinki kando. Valentina alikuwa ananyonya, na mama yake alikuwa ananyonya brashi. Akifika hapo aligeukia ukuta.

Alipopata nguvu ya kusafiri alikwenda Ruangwa. Swaumu alimsihi asiende, au angalau amtume mtu. Teodosia alisema jambo hili halitumiwi mtu. Alichotaka ni Protasi ajue kwamba hakuoa mwanamke aliyelaaniwa. Njiani, juu ya magunia ya mtama, alitambua kwamba hawezi kumwambia hilo bila kumwambia ni nani aliyelileta kopo. Gari lilipoingia Ruangwa alikuwa ameamua. Angemsalimu, angemwambia alikuwa mgonjwa na sasa anapona, na yaliyobaki angerudi nayo.

Ilimbidi aulize nyumba ya Yunusi seremala. Jina lile lilimpa shida kutoka kinywani. Alielekezwa nje kidogo ya mji, nyumba ya makuti yenye baraza, mikorosho nyuma. Mwanamke kijana alikuwa anapepeta mtama. Teodosia alijua ni nani, na yule mwanamke, baada ya kuutazama mkono unaoning'inia na uso uliopauka, naye akajua. Mwanaima alisimama, akamkaribisha, akamletea mkeka na maji. Alisema mume wake yuko nyuma, akaenda kumwita, kwa adabu ambayo ilimuumiza Teodosia kuliko matusi.

Mtoto alikuwa ametambaa akaketi kwenye mkeka uleule. Mvulana mnene, meno ya mbele tayari. Alimtazama mgeni bila woga. Mkononi alikuwa na kitu cha kuchezea, na alipokwisha kumtazama vya kutosha alikirudisha mdomoni, akakitafuna kwa upande wa fizi ambao jino lilikuwa linatoka. Teodosia aliona bega la kanzu ndogo. Aliona nyeupe aliyoiweka mwenyewe pale ambapo jua lingegusa, na aliona kwamba sehemu kubwa yake imekwishaliwa.

Alimrukia. Mkono wa kulia haukukamata, kwa hiyo alikinyakua kwa wa kushoto, akamtia mtoto kidole kinywani akimpangusa ulimi na fizi kwa ncha ya kanga, na mtoto akapiga ukelele. Mwanaima alirudi mbio. Alichoona ni mke wa zamani amemshika mwanawe kinywa. Alimsukuma kwa nguvu zote, Teodosia akaanguka kwenye ungo wa mtama, na alipoanguka bado alikuwa amekifunga kisanamu ngumini.

Protasi alikuwa amesimama pembeni mwa nyumba na randa mkononi.

"Msimpe tena," Teodosia alisema kutoka pale chini. "Vyote nilivyopaka. Msimpe mtoto. Ile nyeupe ni sumu."

Kisha ikambidi aseme yote, maana Mwanaima alistahili kujua. Alisema kwa maneno machache, akimtazama Mwanaima na si Protasi. Risasi, fizi, mkono, mimba. Alipofika kwa Valentina alisema tu, "na yule aliyelia."

Mwanaima alimchukua mtoto akaenda kumwosha, akamwosha tena, na sauti ya maji ilisikika ndani. Protasi aliweka randa chini. Alikaa kwenye ukingo wa baraza kama mzee anavyokaa, kwa hatua.

"Nililibeba begani," alisema.

"Mimi niliuchagua."

"Nililibeba begani, Mama Valentina. Sikuvua hata viatu."

Alilia bila kujifunika uso. Teodosia hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya jeneza. Alitaka kumgusa, na mkono uliokuwa karibu naye ndio ule usioinuka, naye hakuunyanyua kwa ule mwingine. Baadaye alimwambia wampeleke mtoto hospitali aangaliwe fizi, wasingoje. Protasi aliingia ndani, akatoka na visanamu viwili vilivyobaki, akamkabidhi vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa. Mwanaima alitoka kumuaga. Hakuomba radhi kwa kumsukuma, na Teodosia hakutegemea aombe. Alimtilia mtama kidogo kwenye kikapu, akamshikisha kwenye mkono mzima.

Mtoto alipelekwa. Alikuwa mzima, alikuwa amekichezea kile kitu kwa siku chache tu. Habari hiyo ilimfikia Teodosia kupitia Swaumu, na ndiyo iliyokuwa habari njema pekee ya mwaka ule.

Alivikusanya alivyoweza. Mtawa mganga alimsaidia; Pango la Noeli lilitolewa sandukuni, na padri, ambaye alikuwa amewaona watoto wa vijiji vyote wakibusu nepi ile, alikaa nalo mapajani muda mrefu kabla ya kulitoa. Mzee wa Matambarale aliurudisha mfano wa baba yake kwa masikitiko, akiuliza kama hauwezi kuoshwa. Vilivyokwenda Ulaya vilikwisha kwenda. Kulikuwa na watoto huko ambao Teodosia hakuwajua majina, na aliwaombea kila Jumapili bila kujua waombewe nini hasa. Na kile kimoja kilichokuwa kifuani pa Valentina kilibaki pale kilipo.

Protasi alikuja Nachingwea mvua za kwanza zilipoanza, asubuhi, na jembe begani. Alisema amesikia anataka kuvifukia. Hakuingia ndani. Alichimba mbali na kisima, nyuma ya uwanja uliokuwa wa karanga na sasa umerudi kuwa pori, akachimba mpaka kina cha mtu, na Teodosia akakaa juu akimtazama na kofia ya mvua ya gunia kichwani. Waliteremsha kopo kwanza. Kisha vitu vyenyewe, kimoja kimoja. Protasi alivipokea kutoka mkono wake wa kushoto na kuvilaza, na mara moja au mbili alikigeuza kimoja kukitazama pua kabla ya kukilaza. Hawakuzungumza juu ya kazi ile. Alimuuliza kama mkono umepata nafuu. Akasema vidole viwili vimeanza kusikia.

Walipomaliza kufukia alikanyaga udongo ukashikana. Teodosia alikuwa amepika muhogo na kisamvu, na safari hii Protasi aliingia, akala, akashukuru. Alisema Mwanaima anamsalimu. Alisema mtoto ameanza kutembea, kisha akaona amesema, akatazama sahani yake.

"Acha nifurahie," Teodosia akamwambia. "Nifurahie tu. Usinifiche."

Akamweleza basi, kidogo, jinsi mtoto anavyoshika ukuta na kuachia. Teodosia alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama anaangukia mbele au nyuma, na Protasi akasema nyuma, kila mara nyuma, na anacheka.

Gari la Ruangwa lilikuwa linaondoka alasiri. Alisimama kuaga, na mwanamke aliyeachwa hana wajibu wa kumsindikiza mtu. Teodosia alijifunga kanga, akatoka naye hata hivyo. Walitembea kando kwa kando kwenye matope mekundu mpaka mahali njia ya misheni inapoacha ile ya barabarani. Pale alisimama. Protasi naye akasimama, akalihamisha jembe bega la pili na kuendelea. Teodosia alimtazama mpaka alipopinda. Kisha akarudi kwa njia ya kanisani, kwa kuwa ndiyo inayopita makaburini, na mvua ilikuwa imeanza tena.